Jino la Mzee Revelian

Baba mwenye nyumba wetu hapa Tandika, Mzee Revelian, alikuwa na jino la dhahabu juu upande wa kushoto. Alivishwa huko kwao Bukoba, enzi akiwa karani wa chama cha ushirika na kahawa ina bei. Wenzake wa wakati ule walinunua baiskeli, wengine wakaongeza mke. Yeye alikwenda kwa daktari wa meno na jino zima kabisa, halina hata tundu, akaomba livishwe dhahabu. Daktari akamuuliza linamuuma wapi. Akajibu haliumi, ila halionekani.

Tangu hapo alikuwa hapigi picha ila kageuza uso kidogo ili kushoto kupate mwanga. Sebuleni kwake zimo picha nyingi: ya ndoa, ya ubatizo wa binti yake Clara, ya kuagwa kazini. Zote kageuza vilevile, kama mtu anayeitwa na jirani. Hata picha ya kitambulisho, ile ambayo mtu anaambiwa asicheke, inasemekana alibishana na mpigaji mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Kodi alikuwa haidai. Mwezi ukiisha alipita uani na kucheka mlango kwa mlango, jua linapiga pale, basi. Mama yangu, Mama Najat, alikuwa anatuambia ndani, "Haya, jino limeshatoka. Tafuteni hela."

Na alikuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia shikamoo umejifunga nusu saa. Watu walikuwa wakimwona kibarazani wanazunguka nyuma, dukani kwa Mangi, wanaruka na mtaro, ili tu wasiulizwe habari za asubuhi.

Maneno ndiyo yaliyomponza. Clara alipata mchumba, Daniel, kijana wa kule Mbweni kwenye nyumba mpya zenye kuta ndefu kuliko nyumba zenyewe. Ndugu zake wakaja kubisha hodi na magari yao, wakayaacha barabarani maana kichochoro chetu kinapitisha bajaji tu, tena isiyo na abiria mnene. Mshenga alikuwa baba mdogo wa Daniel, Mzee Elibariki, mtu wa Kilimanjaro, suti nzito, sauti ya kupima. Sie wapangaji tulikuwa tunapeleka soda na sambusa, kwa hiyo tulisikia yote.

Mzee Revelian aliziona zile suti akapagawa. Mwanzo aliongea habari za kahawa. Akaongea habari za bandari, alikomalizia ukarani wake. Halafu, bila mtu kumuuliza, akasema, "Sie hatumtoi binti mikono mitupu. Siku ya send-off, tukimuaga, mbele ya ukumbi mzima, nitamvika Clara heleni za dhahabu kwa mkono wangu huu. Dhahabu tupu. Si hizi zenu za kung'aa mpaka zikutane na jasho."

Mzee Elibariki akaweka soda chini. "Hilo tumelisikia, Mzee. Tutakaa viti vya mbele."

Wageni walipoondoka, mkewe, Mama Avelina, mwalimu mstaafu, alianza kukusanya glasi taratibu. Mama huyu alikuwa haongezi sauti hata akiita kuku.

"Dhahabu ya nani, Baba Clara?"

"Itapatikana."

"Kama ni pete yangu, iko pale." Akanyoosha kidole kwenye dari. "Tuliiuza tukanunua bati. Unalala chini yake kila siku."

"Nimesema itapatikana."

Mama Avelina alikaa akamwangalia mdomo. Alimwangalia siku ile, na kesho yake kwenye chai, na Jumapili wakitoka kanisani, kama vile mtu anavyomwangalia kuku siku anapojua wageni wanakuja. Mzee akawa anakula kageukia ukutani.

"Hili ni jino langu," tukamsikia anasema.

"Na ahadi ni ya nani?"

Kwa kweli jino lenyewe, lile la ndani, lilikuwa limeshaoza zamani. Dhahabu ilikuwa inacheza, anaishika na ulimi akiongea. Alikwenda zahanati peke yake. Daktari alivuta kidogo tu, likatoka lote na mzizi. Akalifunga kwenye leso, na leso nyingine akaziba mdomo.

Masonara wapo hapahapa Temeke, lakini wote walikuwa wanalijua lile jino kwa sura. Akaamua kwenda Kinondoni, kwa sonara Firoz, ambako hajulikani. Na Mama naye siku hiyohiyo alikuwa amenichukua kwenda kwa Firoz, kwa sababu hiyohiyo ya kutojulikana. Mama alikuwa na pete yake ya ndoa kwenye pochi, na nyumbani alikuwa ameshamwambia Baba kwamba imedondokea chooni. Alitaka friji la kugandishia barafu za kuuza. Baba alikuwa hataki friji, anasema linakula umeme.

Dukani kwa Firoz hakuna anayeuza dhahabu. Tulikaa pale kwenye benchi nikawasikiliza wote. Dada mmoja alisema kaleta mkufu usafishwe tu, na ukishasafishika ubaki hukohuko. Baba mmoja alisema heleni ile moja kaiokota njiani, na ilikuwa bado kwenye kiboksi chake. Firoz, mzee wa miwani, ndevu nyeupe, mpole, alikuwa haulizi unauza. Anaiweka kwenye mizani, anasema, "Tuipumzishe, mama?" Na mtu anashusha pumzi anasema, "Ipumzike." Zikishapumzika anaziyeyusha, na kwenye kabati la kioo mbele yetu zilikuwa zimepangwa pete mpya za uchumba, zinang'aa, zilizotoka kwenye ndoa zilizovunjika mwezi uliopita. Wachumba walikuwa wanaingia wameshikana mikono, wanazichagua.

Pete ya Mama ilikuwa ndiyo imekaa kwenye mizani pale mlango ulipofunguliwa akaingia Mzee Revelian, kofia machoni, leso mdomoni.

Mama akafunika mizani kwa kiganja. "Shikamoo, Baba Clara."

"Marahaba," leso ikajibu. "Nimeleta saa kutengeneza."

"Mie nilikuwa naulizia njia."

Firoz alituangalia sote. Duka lake halina saa hata ya ukutani. Akaitoa pete ya Mama chini ya kiganja chake polepole, akamlipa kwenye bahasha kama mtu anayempa dawa, akamgeukia Mzee. "Haya, mzee wangu. Tuione hiyo saa."

Mzee akafungua leso juu ya meza. Firoz akaweka kioo chake jichoni, akainama, akainuka, akainama tena.

"Hii umeipata wapi?"

"Ya urithi."

"Mwenyewe bado yumo ndani."

"Mwenyewe ni mie," Mzee akasema, na hapo ndipo tukaliona pengo.

"Mzee wangu, nimeshapokea pete iliyokatwa kwenye kidole kilichovimba. Nimepokea kengele ya mbuzi, wakaniambia ni bangili. Jino na mzizi wake, leo ndiyo mara ya kwanza."

Alilibana na koleo, akalitenga jino na ganda lake, akalirudisha jino kwenye leso kwa heshima. Ganda alilisugua kwenye jiwe jeusi, akadondoshea maji makali. Alama ikabaki ya njano, maana yake dhahabu ni ya kweli. Mzee akasimama wima. Kisha Firoz akaliweka kwenye kikombe cha udongo, akatia unga mweupe, akalipiga moto wa gesi, na ile dhahabu iliyokuwa inakusanya kodi ya nyumba nzima ikajikunja, ikajikunja, ikawa tone. Lilipopoa lilikuwa kama punje ya mtama.

Mzee aliangalia ndani ya kikombe. Akaangalia na chini ya meza.

"Nyingine iko wapi?"

"Ndiyo yote. Ilikuwa pana kwa sababu ilikuwa nyembamba."

"Nataka heleni za kuning'inia." Akaonyesha hapa begani.

"Kwa hii kinatoka kipini kimoja."

"Ana masikio mawili."

"Basi viwili, vidogo. Mtu akisogea ataviona." Firoz akapunguza sauti. "Au nikutengenezee ndefu za shaba, nizipake juu. Zitaning'inia vizuri kabisa. Hakuna atakayejua mpaka Krismasi. Wateja wangu wengi wa Mbweni wanavaa hizo."

Nilidhani atakubali. Mama pia alidhani, maana alimwashiria kwa kichwa kuwa akubali. Mzee akakichungulia tena kile kikombe.

"Nilisema dhahabu tupu," akasema. "Sikusema kubwa."

Nje ya duka walisimama wawili hao, hawaangaliani.

"Mama Najat, mie sijakuona."

"Hata mie, Baba Clara, nilikuwa sipo."

Jioni Baba alikuwa yuko nyuma ya choo na waya aliokunja ncha, anatafuta pete. Mzee Revelian akaenda akasimama karibu naye, leso mdomoni, anatikisa kichwa kwa huzuni. Baba alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mwenye nyumba mwenye utu kama yule.

Mtaani Mzee alisema daktari kamkataza upepo usiingie mdomoni. Alisema mara moja tu, kwa leso, halafu akafunga. Na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mwezi ulipoisha akapita uani bila kucheka. Watu wakaogopa. Wakajua anapandisha kodi. Wapangaji ambao walikuwaga hawana mpaka tarehe kumi wakalipa siku ileile, na mmoja akalipa mpaka deni ambalo Mzee mwenyewe alikuwa amelisahau.

Wakaja watu wa Mbweni kwa ajili ya mahari. Msemaji wetu alikuwa kaka yake Mama Avelina, lakini kila mtu alikuwa anamsubiri Mzee, maana mara ya kwanza aliongea peke yake. Mzee Elibariki akataja walichokuja nacho. Akamaliza, akauliza, "Baba mzazi anasemaje?"

Mzee Revelian alitaka kusema inatosha. Lakini kusema ni kufungua mdomo. Akainua kiganja.

Wageni wakaangaliana. Wakaomba ruhusa ya kutoka nje. Wakateta pale kwenye ndoo zetu za maji, wakarudi, wakaongeza mbuzi na blanketi la bibi.

Mzee akatikisa kichwa kwa mshangao.

Wakatoka tena. Wakarudi wameongeza koti la babu, na babu mwenyewe alifariki zamani. Mzee ikabidi ainamie leso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Alikuwa anazuia kicheko, sie tuliokuwa dirishani tuliona. Wao waliona baba anamlilia binti yake.

Mzee Elibariki akajifuta jasho. "Mzee wetu. Tumeona hapa maji ni ya kununua kwa ndoo. Tunaweka na tangi, lile kubwa, na kulisimika ni sisi."

Mama Avelina alikuwa amekaa pembeni wakati wote, anajua kila kitu, hasemi kitu. Alipolisikia tangi akanyanyuka.

"Mzee ameridhika," akasema. "Karibuni chakula."

Tangi lilikuja wiki hiyohiyo, jeusi, refu kuliko mlango. Likasimikwa uani. Na sifa za Mzee zikatembea: mtu mzito, kawanyoosha watu wa Mbweni bila neno. Wale waliokuwa wanaruka mtaro kumkwepa wakaanza kuja kibarazani kuomba ushauri. Wanaeleza shida, yeye anawaangalia juu ya leso, anaitikia kwa kichwa, wao wanaondoka wamepata jibu. Mke na mume waliogombania televisheni waliletwa kwake. Alinyamaza mpaka wakatishika, wakapatana wenyewe. Wakasema ni hekima.

Nadhani aliipenda ile heshima, lakini ilikuwa inamkaba. Nilikuwa namwona jioni kakaa peke yake nyuma ya tangi anaongea na kuku.

Alikuwa na hofu moja. Siku ya send-off ingefika, vipini vingetoka kwenye kiboksi, na mtu mmoja tu mwenye akili angeuliza dhahabu ile imetoka wapi na kwa nini Baba Clara hafungui mdomo. Clara mwenyewe alikuwa hajaambiwa. Alijua baba yake anaumwa fizi.

Ukumbi ulikuwa Kinondoni. Mapazia ya rangi ya maziwa, sare za kina mama, viti vimefungwa shela kama maharusi wadogo. Mbele zilining'inizwa skrini mbili kubwa, kila moja na mpiga picha wake. MC alikuwa Edgar, kijana wa kelele, viatu vyenye ncha. Ilipofika zamu ya heleni alizima muziki.

"Sasa wapendwa, kitu tulichokingoja. Kutoka kwenye hazina ya ukoo, kutoka Bukoba, kizazi hadi kizazi, dhahabu tupu. Kamera ya kushoto, nitafutie sikio la bibi harusi. Kamera ya kulia, nataka uso wa baba mzazi."

Mzee Elibariki na ndugu zake walikuwa viti vya mbele, kama walivyoahidi. Mmoja akavaa miwani.

Mzee Revelian akafungua kiboksi. Vidole vyake ni vikubwa, alihangaika, Clara akainama kumsaidia. Akamvika cha kwanza, akamvika cha pili, akarudi nyuma. Watu wakapiga vigelegele, halafu vigelegele vikapungua, vikaishia njiani. Kila mtu alikuwa anaangalia skrini ya kushoto. Sikio la Clara lilikuwa limeijaza yote, na katikati yake kulikuwa na nukta.

Mpiga picha akashusha kamera, akafuta kioo kwa shati. Akainua. Nukta ipo.

"Kaka, safisha kamera," Edgar akasema kwenye maiki.

Akafuta tena, safari hii akapuliza na mdomo. Nukta ipo, tena inameta.

Edgar akamgeukia Mzee kwa adabu zote. "Baba, heleni ziko njiani zinakuja?"

Mzee Revelian akacheka.

Hakikuwa kicheko kidogo. Zilikuwa wiki chungu nzima za kicheko, za koti la babu na za waya wa Baba na za maneno yote aliyowaambia kuku, zikatoka kwa pamoja. Alicheka mpaka akashika meza ya keki, na kwa mazoea ya maisha yake yote akageuza uso kidogo, kushoto kupate mwanga. Kamera ya kulia ilikuwa iko palepale ilipoambiwa ikae. Skrini ya kulia ikajaa mdomo wa Mzee, na katikati yake pengo jeusi.

Ukumbi ukaangalia skrini ya kulia. Ukaangalia ya kushoto. Ukarudi kulia. Pengo, nukta. Nukta, pengo. Shingo zilikuwa zinakwenda na kurudi, na meza ya nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aa. Nimeelewa."

Mzee akaona. Kicheko kikamkatikia. Mkono ukaingia mfukoni kutafuta leso, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Clara akamshika mkono kabla leso haijatoka. Alikuwa anamwangalia mdomo, kisha akajigusa sikio, akawa anaelewa taratibu, mbele ya watu wote.

"Iache, Baba," akasema.

Akashika nywele zake, zile za bandia za gharama alizosukwa siku nzima, akazisukuma zote nyuma ya masikio mpaka mtindo ukaharibika. Shangazi mmoja akaguna. Clara akamwita mpiga picha wa kulia. "Tupige mie na baba. Simama kushoto, ndiko anakopendaga."

Wakapigwa. Mzee mwanzo alibana midomo, halafu akaiachia.

Mzee Elibariki alikuja taratibu, suti ileile. Akavua miwani.

"Mzee mwenzangu, siku ile ya mahari. Ulinyamaza kwa sababu gani?"

"Pengo," Mzee Revelian akasema.

"Hukukataa mahari?"

"Mie nilitaka kusema inatosha tangu mwanzo."

Mzee Elibariki akafikiri. "Na tangi?"

"Limeshajaa. Wapangaji wamefulia."

Mgeni alisimama pale, anapiga hesabu zake, akatazama tena lile sikio kwenye skrini. Kisha akamshika Mzee mkono. "Basi tumenunua pengo," akasema, akarudi kwenye meza yake akawaeleza wenzake, nao wakacheka mpaka soda zikamwagika. Ilisemekana baadaye kwamba dada wawili wa kule Mbweni walivua heleni zao ndefu palepale wakazitia pochini, maana watu walikuwa wameanza kuulizana nani kavaa dhahabu na nani kavaa ya kupaka.

Heshima ya Mzee ilikwisha siku ileile. Wapangaji wakarudia kulipa tarehe kumi. Waliokuwa wanaomba ushauri wakarudi kuruka mtaro. Yeye hakujali. Picha ya send-off ameitundika sebuleni katikati ya zile nyingine, kageuza uso kama kawaida, pengo kwenye mwanga, na Clara pembeni masikio wazi. Kila mgeni anasogezwa karibu na ukuta aone vile vipini.

Sasa jioni anakaa kando ya tangi anahadithia. Anahadithia kila kitu, zahanati, kikombe cha udongo, punje ya mtama, shaba ya kupaka aliyoikataa. Juzi Baba alikuwa amekaa kwenye ndoo anamsikiliza kwa raha, waya wake bado umeegemezwa ukutani, maana hajakata tamaa. Mama alikuwa anapanga barafu kwenye friji letu, ambalo Baba anaamini Mama kakopeshwa na shoga yake.

"Sasa naingia dukani," Mzee akasema, "nimeziba mdomo, kofia imeshuka hivi, nasukuma mlango. Nani nakutana naye pale kwenye mizani?"

"Nani?" Baba akauliza.

Mama akainua kichwa kutoka kwenye friji. Alimwangalia tu Mzee mdomo, vilevile alivyokuwaga anaangaliwa na Mama Avelina.

Mzee Revelian akaingiza mkono mfukoni polepole, akatoa leso, akajiziba.

"Upepo," akasema. "Daktari alinikataza."